Je, ninaweza kumtoa mwanangu kwenye somo la afya ya uzazi shuleni?

*Swali: Shule ya serikali anayosoma binti yangu wa miaka 13 imetuletea barua ya mistari minne. Inasema kuanzia muhula ujao kutakuwa na "mpango wa afya ya uzazi" kwa wanafunzi wote, basi. Mzazi mmoja ananiambia watafundishwa mabadiliko ya mwili, mwingine anaapa watagawiwa kondomu. Mimi ni mtu wa dini, na sipendi mambo haya mwanangu ayapate kwa mtu nisiyemjua. Nina haki ya kumkataza asihudhurie? Na shule ikinikatalia nifanyeje?*

Mzazi mwenzangu,

Haki unayo, ingawa si kila nchi inamruhusu mzazi kumtoa mtoto darasani. Ila kabla hujaenda nayo kwa mwalimu mkuu, tafuta kwanza jambo moja, maana ndilo litakaloamua haki hiyo ina nguvu kiasi gani: barua hiyo inazungumzia kitu gani hasa?

"Mpango wa afya ya uzazi" ni jina linaloweza kubeba mambo manne. Huenda ni somo: mwalimu anasimama mbele ya darasa na kueleza balehe, hedhi, mimba na magonjwa ya zinaa. Huenda ni huduma: muuguzi anatoa chanjo, kondomu au vipimo. Huenda ni dodoso, yaani watoto wanajaza karatasi yenye maswali kuhusu maisha yao. Na huenda ni ushauri nasaha wa faragha, mtoto na mshauri peke yao chumbani. Shule huyafunga yote katika furushi moja, na wazazi nao hulikubali au kulikataa furushi zima bila kulifungua. Nimewaona wazazi wenye hoja nzuri kabisa wakishindwa kwenye kikao kwa sababu waligombana kuhusu kondomu ambazo hazikuwamo, huku dodoso lililokuwamo likipita bila mtu kulisoma.

Nianze na somo, kwa kuwa ndilo linalokukera zaidi.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linasema wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Ukisoma hapo ukaishia hapo, utadhani kesi imekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza, kwa sababu mtoto naye ana haki yake ya kuelimishwa, na serikali inayoendesha shule ina wajibu kwa watoto wote waliomo darasani, pamoja na wale ambao nyumbani kwao hakuna anayewaambia lolote.

Kesi inayotajwa mno katika jambo hili ilitoka Denmark. Huko nyuma mzazi aliyetaka aliweza kumtoa mtoto kwenye vipindi hivyo. Serikali ilikuwa na wasiwasi na mimba zisizotarajiwa, na mwaka 1970 ikapitisha sheria iliyolifanya somo hilo kuwa la lazima katika shule za msingi za serikali, tena likachanganywa ndani ya masomo mengine kiasi kwamba hapakuwa tena na kipindi cha kumtoa mtoto. Wazazi wa familia tatu, Kjeldsen, Busk Madsen na Pedersen, walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Desemba 1976 majaji sita kwa mmoja waliwakatalia. Wakasema serikali inaruhusiwa kufundisha, hata jambo linalogusa dini na falsafa ya mtu, mradi maarifa yatolewe kwa ukweli, kwa namna inayomwachia mtoto nafasi ya kupima na kufikiri, na bila kumlisha msimamo. Mpaka ambao serikali haipaswi kuuvuka ni kumshindilia mtoto itikadi bila kujali imani ya wazazi wake.

Nataka ulisome vizuri jambo hilo, maana ndani yake mna kitu chako. Wazazi wale walishindwa, lakini waliwaachia wazazi wote wa baadaye kipimo. Mwalimu akieleza jinsi mimba inavyotungwa na jinsi kondomu inavyozuia maambukizi, anatoa maarifa. Akiwaambia wanafunzi kwamba wanaosubiri hadi ndoa ni washamba, au kwamba dini zinawadanganya, ameuvuka mpaka, na kwa kipimo hicho lalamiko lako lina nguvu. Tena yule jaji mmoja aliyepinga, Alfred Verdross, aliandika kwamba kuna tofauti kati ya kueleza uzazi kama sayansi ya viumbe na kueleza matendo ya ngono pamoja na njia za kuzuia mimba. Hoja yake haikushinda. Hata hivyo, ukiwa unahisi kwamba hayo mawili hayafanani, ujue hata jaji wa mahakama kubwa aliwahi kuhisi hivyo.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1977, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitoa uamuzi ninaoupenda kuliko wote katika mada hii. Ilisema malezi ya mtoto katika mambo ya jinsia ni ya wazazi kwanza, lakini shule nayo ina wajibu wake na haihitaji ruhusa ya kila mzazi ili ifundishe. Halafu ikaongeza kwamba wazazi wana haki ya kuarifiwa mapema kuhusu yatakayofundishwa na namna yatakavyofundishwa, ili wapate muda wa kuzungumza na mtoto wao kwanza. Haki ya kuarifiwa mapema! Ndiyo haki ambayo barua yako ya mistari minne imeikanyaga, na naiona kubwa kuliko haki ya kumtoa mtoto, kwa sababu bila hiyo hata uamuzi wa kumtoa unaufanya gizani.

Kuhusu kumtoa mtoto kipindini, nchi hazifanani, wala usimsikilize anayekuambia kuna jibu moja duniani kote. England, tangu Septemba 2020, mzazi anaweza kuomba mtoto atolewe kwenye elimu ya ngono lakini si kwenye somo la mahusiano, wala kwenye yale yaliyomo katika sayansi. Ikibaki mihula mitatu mtoto atimize miaka 16, mtoto mwenyewe akitaka kuhudhuria, anahudhuria. Ukivuka kuingia Wales, mtaala mpya ulioanza mwaka 2022 umeifuta kabisa ruhusa hiyo ya mzazi. Marekani nako upepo umegeuka. Kwa miaka mingi mahakama ziliwaambia wazazi kwamba haki yao ni ya kuchagua shule, si ya kupanga somo ndani ya shule ya umma. Juni 2025, katika shauri la Mahmoud dhidi ya Taylor, majaji sita wa Mahakama Kuu dhidi ya watatu walikubali kwamba wazazi wa dini wa kaunti moja ya Maryland wanapaswa kuarifiwa na kuruhusiwa kuwatoa watoto wao darasani, wakati kesi ikiendelea, pale vitabu vya hadithi kuhusu mapenzi ya jinsia moja vinaposomwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza shuleni liwe hili: kanuni ya hapa inasemaje kuhusu kumtoa mtoto, na imeandikwa wapi? Omba uonyeshwe maandishi.

Kuna kosa moja nakuomba usilifanye, nalo ni kumficha mtoto nyumbani siku ya kipindi bila kuandika neno. Ujerumani wapo wazazi waliofanya hivyo kwa sababu za dini. Wakapigwa faini, baadhi wakawekwa ndani kwa siku kadhaa kwa kukataa kulipa, na mwaka 2011 mahakama ile ile ya Ulaya ikaliondoa lalamiko lao bila hata kulisikiliza kwa kina. Mbele ya sheria walionekana wazazi wa mtoto mtoro.

Sasa tuje kwenye huduma, maana hapo unasimama mahali pengine kabisa. Mtoto akifundishwa, anasikia. Akipewa huduma, kuna kitu kinafanyika kwenye mwili wake au kinawekwa mkononi mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ukimwi ukiwa umetikisa miji mingi ya Marekani, bodi ya elimu ya New York iliamua shule za sekondari zitoe kondomu kwa wanafunzi wanaozitaka. Mpango ulikuwa na pande mbili: mafunzo darasani, ambayo mzazi aliweza kumtoa mtoto, na kondomu, ambazo mzazi hakuulizwa. Wazazi wakashtaki. Mwaka 1993 mahakama ya rufani ya jimbo ikasema mafunzo hayana tatizo, lakini kutoa kondomu ni huduma ya afya, si elimu, na huduma ya afya kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi.

Miaka miwili baadaye, jimbo la Massachusetts, kesi inayofanana na hiyo kutoka mji wa Falmouth ikaisha kinyume. Huko wanafunzi wadogo walizipata kwa muuguzi baada ya kupewa ushauri, na wakubwa waliweza hata kuzinunua kwenye mashine kwa senti 75. Mahakama ikauliza: kuna mtoto aliyelazimishwa kuchukua? Hakuna. Kuna mzazi aliyezuiwa kumwambia mwanawe asichukue? Hakuna. Basi hakuna haki iliyovunjwa. Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuigusa kesi hiyo mwaka 1996.

Kitu ni kile kile, nchi ni ile ile, na majibu ni mawili. Kilichoyatenganisha ni namna kila mahakama ilivyouliza swali: ya kwanza iliuliza nani anaridhia tiba ya mtoto, ya pili iliuliza kama kuna aliyelazimishwa. Philadelphia, mji mwingine wa Marekani, walikuwa wameshawaachia wazazi njia ya kuandika barua ya kukataa, na mpango wao ulipopingwa, ulisimama hata kwenye rufaa ya mwaka 1998. Huwa nawaambia walimu wakuu wasome kesi hizi tatu kwa mfululizo. Karatasi moja ya kumuuliza mzazi ni rahisi kuliko miaka mitano mahakamani.

Lakini ridhaa yako nayo haidumu milele, na sitakuwa mkweli kwako nikilificha hili. Uingereza, mama mmoja mwenye mabinti watano, Victoria Gillick, alipinga mwongozo wa wizara uliowaruhusu madaktari kumpa msichana wa chini ya miaka 16 njia za kuzuia mimba bila mzazi kujua. Alishinda kwenye mahakama ya rufani. Mwaka 1985 akashindwa kwenye Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, majaji watatu kwa wawili. Mmoja wa majaji hao, Lord Scarman, alieleza kwamba haki ya mzazi ipo kwa ajili ya kumlinda mtoto, hivyo inampisha mtoto anapofikia ufahamu wa kutosha wa kujiamulia jambo husika. Wengi huishia hapo katika kusimulia. Mwenzake, Lord Fraser, aliweka masharti kwa daktari, na mojawapo ni kwamba amshawishi kwanza binti azungumze na wazazi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao unafuata mkondo huo: ibara ya 5 inawapa wazazi haki na wajibu wa kumwongoza mtoto, lakini kulingana na uwezo wake unavyokua. Na zipo nchi zilizoandika umri moja kwa moja. Afrika Kusini, sheria ya watoto ya mwaka 2005 inakataza kumnyima kondomu mtoto aliyezidi miaka 12. Hapo mzazi hana la kutia saini, kilichobaki ni maneno yake kwa mwanawe.

Chanjo ya HPV niitaje kwa ufupi, kwa sababu mara nyingi hutolewa shuleni na inazusha hofu isiyo ya lazima. Inakinga dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza wasichana waipate wakiwa na miaka 9 hadi 14. Umri ni mdogo hivyo kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, hata kama atakutana nacho akiwa ndani ya ndoa. Uliza maswali yako yote, lakini usiikatae kwa kudhani ni kibali cha ngono.

Dodoso halihitaji maneno mengi. Katika mji wa Palmdale, California, watoto wa miaka 7 hadi 10 walipewa maswali ambayo baadhi yalihusu ngono, ilhali barua ya ridhaa iliyotumwa nyumbani haikuligusa neno hilo. Wazazi walikasirika, nami ningekasirika. Mwaka 2005 walishindwa kwenye mahakama ya rufani. Basi usitie saini ya dodoso usiloliona. Sema unataka kulisoma, lote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Ushauri wa faragha ndipo roho ya mzazi inapouma zaidi. Tunataka kujua kila anachosema mtoto wetu. Lakini mtoto anayedhulumiwa kingono, mara nyingi anayemdhulumu ni mtu anayemfahamu, na wakati mwingine ni mtu wa nyumba hiyo hiyo. Mlango huo wa mshauri ukifungwa hadi mzazi aridhie, yule mtoto hana pengine pa kutokea. Hapa siko upande wa haki ya mzazi ya kuzuia, na nakuambia waziwazi. Unachoweza kudai ni kujua mshauri ni nani, ana mafunzo gani, nani anamsimamia, na lini analazimika kutoa taarifa ya hatari kwa mamlaka zinazomlinda mtoto.

Umesema wewe ni mtu wa dini, na najua hofu iliyo chini ya swali lako: kwamba mtoto akifundishwa, atajaribu. Ni hofu ya haki na inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Unesco, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, ilipotoa mwongozo wake wa elimu hii mwaka 2009, na ulipoandikwa upya mwaka 2018, ilikusanya tafiti kutoka nchi nyingi na hazikuonyesha kwamba elimu hii inawafanya vijana waanze ngono mapema. Kwa upande mwingine, Bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa mipango minne iliyofundisha kujizuia tu hadi ndoa. Matokeo yakatoka mwaka 2007: waliopitia mipango hiyo na wasioipitia hawakutofautiana katika kujizuia. Silisemi hili kudharau fundisho la kusubiri. Wanangu mwenyewe nawafundisha kusubiri, na nimeona kwamba wanalisikia kutoka kwangu kwa namna ambayo hawatalisikia kwa mgeni aliyekuja na chati.

Tena binti yako ana miaka 13. Huenda hedhi ameshaianza, na wenzake pia. Ukimtoa kipindini, atakaa nje ya mlango dakika 40, kengele italia, na wenzake watamsimulia yote wakati wa mapumziko, yakiwa yamepinda na kuongezwa chumvi. Hilo ndilo hunifanya niwashauri wazazi wengi wasome kwanza. Ila si wote. Mimi binafsi ningemtoa wangu bila kusita kama shule ingekataa kunionyesha vitabu, kama mwezeshaji ni mgeni anayebaki na watoto bila mwalimu wao, au kama watoto wanaambiwa wasiwasimulie wazazi walichojifunza. Hilo la mwisho ni kengele ya hatari popote utakapolisikia, liwe limetoka kwa mwalimu au kwa mtu mwingine yeyote.

Andika barua, usiende kwa mdomo tu. Inaweza kuwa fupi hivi: "Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa fulani. Nimepokea taarifa yenu ya mpango wa afya ya uzazi. Kabla haujaanza, naomba kuona mtaala na vitabu vitakavyotumika. Naomba kujua nani atafundisha na mwalimu gani atakuwapo. Naomba nijulishwe kama kutakuwa na huduma yoyote ya afya au dodoso, kwa kuwa hayo siridhii hadi niyaone na kutia saini. Naomba pia nakala ya kanuni inayoeleza mzazi anaomba vipi mtoto asihudhurie." Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ona kwamba hujakataa chochote bado. Umelifungua furushi, na umetenganisha somo na huduma kwa maandishi, jambo litakalokusaidia sana kama mambo yatafika mbali.

Shule isipojibu, nenda kwenye kamati ya shule, na usiende peke yako. Wazazi watano wenye swali moja lililoandikwa wanasikilizwa kuliko mmoja mwenye hasira. Baada ya kamati kuna ofisi ya elimu inayosimamia shule. Mahakama iwe ya mwisho, na kabla ya kuifikia tafuta mwanasheria wa hapo ulipo, maana kama ulivyoona, kuvuka mpaka tu kati ya nchi na nchi kunaweza kugeuza jibu. Ukikubaliwa kumtoa, dai pia kwamba apewe kazi ya maana maktabani au darasa jingine, na mwalimu asimtaje mbele ya wenzake.

Wakati unasubiri majibu, kaa na binti yako. Ibara ya 12 ya ule Mkataba wa Haki za Mtoto inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na kwa umri wake ana ya kusema. Muulize amesikia nini kuhusu mpango huu na yapi ameshayajua. Huenda ukaona aibu mwanzoni. Mimi niliona, na wangu wa kwanza aliitazama dari muda wote. Shule ikikuletea kitabu, kisome mwenyewe usiku mmoja, weka alama pale unapokubali na pale dini yenu inaposema vingine, kisha mpitishe mwanao kwenye alama hizo kabla hujatia saini karatasi yoyote.